Pile ya Mzee Mbusa na tochi mbili za muuguzi

Toa simu kwenye kidevu.

Hivyo ndivyo nilivyomwambia stagiaire mmoja hapa Beni, msichana anayejifunza uuguzi, mwenye mikono safi na adabu nzuri, aliyekuwa amebana simu yake chini ya kidevu ili taa imulike koo la mtoto. Nilikuwa nimeenda pale kituoni kwao kupimwa presha tu. Kabla hajanijibu, simu ikalia, ikatetemeka, ikateleza na kudumbukia kwenye beseni la maji ya klori. Mtoto, ambaye alikuwa amekubali kwa shida kufungua mdomo, akaufunga, na hakuufungua tena mpaka walipomrudisha kwao.

"Binti yangu," nikamwambia, "ununue tochi ya mfukoni."

"Mama, tochi ni ya bazee. Simu iko na taa."

"Ndiyo. Na ndani ya ile taa iko na shangazi yako, anakuita."

Akacheka, nami nikacheka. Simu ndiyo haikucheka.

Donc, basi, ninawaandikia ninyi munaoanza kazi ya uuguzi, ninyi ambao blouse zenu, makoti meupe ya kazi, bado zina mikunjo ya dukani. Ninaitwa Masika. Nimefanya kazi hii Butembo kwanza, halafu kwa miaka mingi kwenye kituo cha afya kule Vuhovi, milimani, mpaka goti langu la kushoto likaamua kustaafu kabla yangu na mimi nikalifuata. Sasa ninakaa Beni kwa binti yangu. Nitajaribu Kiswahili cha shule, mais, ile lakini yetu ya Kifaransa, mukisikia Butembo inatoka katikati ya sentensi, muiache itoke.

Muuguzi wa kijijini anahitaji tochi hata saa sita mchana. Nyumba nyingi kule juu zina dirisha dogo la kupitisha moshi tu. Ukungu ukishuka kutoka mlimani, chumba cha mgonjwa kinakuwa kama ndani ya chungu. Na koo, sikio, pua, jicho, hivyo vyote ni vyumba bila dirisha. Tochi nzuri ya mfukoni ni fupi kama kidole cha kati, unaibonyeza kwa dole gumba, na ukiiweka kati ya meno mikono yako miwili inabaki huru. Usiiweke kati ya meno mbele ya mgonjwa wa kuhara. Hilo nisingehitaji kuwaambia, mais nimewaona.

Sasa, pile. Betri, kama wanavyosema wenzetu ukivuka mpaka pale Kasindi. Watu wananiuliza kila mara: Mama Masika, pile za kuchaji au pile za kutupa? Wanauliza kama vile mtu anauliza aoe Mkatoliki au Mprotestanti, na wanataka jibu moja. Aliyenifundisha mimi alikuwa na majibu mawili, moja kwa kila mfuko.

Huyo alikuwa Papa Kakule, aliyekuwa mkuu wa kituo nilipofika Vuhovi. Mwanaume mfupi, mpole, hakupandisha sauti hata siku moja. Mfuko wa kushoto wa blouse yake ulikuwa na tochi ya pile za kuchaji. Hiyo ndiyo aliyoitumia siku nzima, na jioni pile zake zilikwenda kwenye chaja iliyounganishwa na panneau, paneli ya jua, juu ya bati. Mfuko wa kulia ulikuwa na tochi nyingine, ya pile za kutupa, na pile moja ndani yake ilikuwa imegeuzwa kichwa chini. Nilidhani mzee amekosea, nikataka kumsaidia.

"Acha," akaniambia. "Nimeigeuza kwa makusudi. Hata nikiilalia, haiwaki, haijimalizi. Nikiihitaji, nafungua, nageuza, inawaka."

"Na juu ya nini hautumii hiyo tu kila siku?"

"Kila wiki nitupe pile wapi? Mu shamba ya mihogo? Batoto bazipasue bapake masizi yake usoni?" Akaniwekea pile mbili mkononi, moja ya kila aina. "Hii ya kuchaji ni mufanyakazi. Asubuhi unamuamsha, jioni unamulisha. Hii ya kutupa ni mulinzi. Anakaa, anakaa, siku unamuita, yuko."

Sikumwelewa mpaka alipokuja mwanajeshi mwenye mdudu sikioni. Mwanaume mkubwa kama mlango, amebebwa na wenzake wawili, analia. Nondo mdogo alikuwa ameingia na anapiga mabawa yake kwenye ngozi ya ndani ya sikio. Mtu yeyote ambaye hajapata mdudu sikioni asimcheke. Nikamwaga mafuta ya uvuguvugu kidogo mdudu atulie, nikashika koleo dogo, nikamulika kwa tochi yangu ya kuchaji. Nuru ilikuwa nyeupe na thabiti. Nikaona mguu wa nondo, nikausogelea, na pap, giza. Haikufifia kwanza, haikuaga. Ilikatika tu.

"Mama, pelisa! Pelisa!" yule mwanajeshi akapiga kelele kwa Kilingala, niwashe, niwashe, na koleo langu lilikuwa bado sikioni mwake.

Papa Kakule alikuwa nyuma yangu. Nikasikia tochi ikifunguliwa na kufungwa, na mwanga wa rangi ya chai ukaja juu ya bega langu. Nondo akatoka mzima mzima. Mwanajeshi akakaa kitako, akamtazama kwenye pamba, akauliza kwa sauti ndogo sana: "Ni huyu tu?"

Hiyo ndiyo tabia muijue. Pile za kutupa zinafifia polepole. Mwanga unakuwa wa njano, halafu wa kahawia, zinakuambia mapema kwamba zinachoka. Za kuchaji zinafanya kazi kwa nguvu ileile mpaka mwisho, halafu zinaanguka palepale. Ukiijua tabia hiyo haitakusumbua. Unazichaji kabla ya kuombwa. Tena ziko zinazojimaliza zenyewe zikikaa kwenye droo, kwa hiyo usiziweke za akiba ukazisahau. Na za kutupa nazo, ukiziacha ndani ya tochi kwa misimu, zinavuja unga mweupe unaokula chuma, ukifungua unakuta tochi imeoza kama jino. Akiba ikae nje ya tochi, kwenye karatasi yake, pahali pakavu. Usichanganye mpya na zilizotumika. Usiwaamini wanaoandika namba kubwa kwenye ganda, uipime mkononi, pile nyepesi kama kibiriti kitupu ni uongo. Na wale wanaoanika pile zilizokufa juu ya bati ili jua lizifufue, niliwaona kila nyumba. Zinawaka, ndiyo. Zinawaka muda wa kutafuta kiatu.

Basi, nilidhani kwamba ninajua yote ya kujua kuhusu pile. Halafu Mzee Mbusa akanunua tochi yake.

Mzee Mbusa alikuwa jirani wa kituo. Alilima kahawa na maharagi, na nyuma ya kahawa alikuwa na mizinga ya nyuki. Mke wake alikuwa amefariki. Alikaa na mkwe wake Kavira na mjukuu wake, mtoto wa kiume aliyeitwa Dieumerci, sisi wote tulimwita Didi. Mume wa Kavira alikuwa anashinda Kyavinyonge, ziwani, kwenye biashara ya samaki, anarudi mara kwa mara na mzigo wa tilapia. Didi alikuwa na umri ule wa kutembea na kufungua kila kitu. Kikapu kikiwa na kifuniko, yeye alikichukulia kama tusi.

Mzee alikuwa na tochi nzuri ya kuchaji ambayo mtoto wake alimletea. Mais kwake hakukuwa na panneau. Alilazimika kuipeleka kwenye kibanda cha kuchaji kule barabarani, kukaa kwenye foleni na vijana wenye simu, na msimu wa mvua jua lilipokosekana, kuirudisha bila kitu. Hilo lilimchosha. Siku moja akashuka Butembo sokoni na kurudi na tochi ndogo ya kufungia funguo, nyepesi, bapa, ya plastiki nyekundu, yenye mwanga mkali ajabu. Ndani yake kulikuwa na pile moja tu, ya mviringo, bapa kama kifungo kikubwa cha koti. Baada ya misa alituonyesha wote kwa mbali, anaizungusha kwenye kidole.

"Munaona? Hapana kuchaji, hapana foleni. Ikiisha, natupa, nanunua ingine. Mama Masika abakie na chaja yake!"

Tulicheka wote. Alikuwa mtu wa furaha.

Ilikuwa asubuhi ya mvua nyembamba Kavira alipoingia kituoni, Didi mgongoni, kitenge kimelowa.

"Mama Masika, mutoto anakatala uji. Nikimupa, anatapika. Na mate, angalia mate."

Mate yalikuwa yanatiririka kutoka kinywani mpaka kifuani kama mtoto anayeota meno kumi kwa mara moja. Hakuwa na homa. Alipumua vizuri. Mais alinyoosha shingo yake mbele kwa namna ambayo sikuipenda, na akilia, analia kidogo halafu ananyamaza, kama vile kulia kwenyewe kunamuumiza.

Nikatoa tochi ya mfuko wa kushoto, nikamulika. Koo lilikuwa safi. Halikuwa na weupe, halikuwa na uvimbe, hapakuwa na punje ya harage wala mwiba wa samaki. Papa Kakule, Mungu amlaze pema, alikuwa ananiambia kwamba tochi isipoona kitu, uiulize nyumba.

"Asubuhi alikuwa anacheza na nini?"

Kavira akafikiri. "Na funguo ya babu yake. Alikuwa anaiuma-uma. Nikamunyanganya, akalia."

Nikatuma mtu amwite Mzee Mbusa. Akaja mbio ndogo na gumboots zake, funguo mkononi, anatabasamu bado, kwa sababu alidhani tunataka kufungua kitu. Nikachukua ile tochi nyekundu. Kifuniko chake hakikuwa na visi, ile skrubu ndogo, hata moja, kilifungwa kwa kubanwa tu, na sasa kilikuwa kimeachana. Ndani mulikuwa na spring ndogo na nafasi ya mviringo, tupu.

"Pile iko wapi, Mzee?"

"Haa, imeanguka. Iko tu mu nyumba. Nitaitafuta."

"Ilikuwa inawaka?"

"Jana iliwaka muzuri."

Akageuka aende kuitafuta. Nikamshika mkono. Sijawahi kumshika mzee wa watu mkono kwa nguvu namna ile.

"Kama iko chini ya kitanda, itatungoja," nikasema. "Kama iko ndani ya mutoto, haitungoji."

Niwaeleze, kwa sababu hapa ndipo wengi wanakosea. Mtoto akimeza harage, unaweza kungoja. Akimeza pile bapa na ikakwama kwenye njia ya chakula, ile pile haijalala. Mwili ni majimaji, na pile kwenye majimaji inaanza kufanya kazi, na kazi yake ni kuunguza nyama inayoigusa. Si sumu peke yake, ni kuunguza. Hata pile iliyochoka kuwasha tochi bado ina nguvu ya kutoboa. Na inaunguza saa hizohizo, si wiki ijayo. Daktari mmoja wa Butembo alikuja kutufundisha jambo hilo kwenye semina, na ninamshukuru mpaka leo. Alisema: usimtapishe, usimpe chakula, usingoje uone choo. Hospitali yenye radio, yaani mashine ya eksirei, haraka. Na kama mtoto amepita mwaka mmoja, anaweza kumeza na asali ipo karibu, mpe kijiko kidogo kila baada ya muda mfupi mukiwa njiani. Asali haitoi pile. Inaipaka tu na kupunguza moto wake. Usipoteze hata dakika kuitafuta.

"Mzee," nikasema, "asali iko pa nyumba?"

Alikimbia. Nilikuwa nimemjua yule mzee miaka mingi na sikujua kwamba anaweza kukimbia.

Kavira alikuwa amesimama pale pale na mtoto kifuani. Uso wake ulikuwa umekauka. Mzee aliporudi na chupa ya asali, akamwambia bila kumtazama:

"Baba, nilisema. Nilisema ile kitu hapana ya kutupa-tupa mu nyumba."

"Mwanangu..."

"Nilisema."

"Kesi tutakata kesho," nikawaambia wote wawili. "Leo tunatafuta moto."

Moto kwetu ni pikipiki, na motari, dereva wake, alikuwa Katembo, kijana wa kanisa la Waprotestanti pale chini, ambaye alibeba wagonjwa wangu wengi. Nikapanda nyuma yake, Didi katikati yetu, Kavira nyuma yangu. Hapakuwa na nafasi ya mtu mwingine. Mzee Mbusa alibaki katikati ya barabara, ameshika kifuniko cha chupa ya asali, mvua inamwagikia. Chupa yenyewe ilikuwa mkononi mwangu, wazi.

Tulipofika kwenye kilima kinachokamata network nilimpigia yule daktari wa Butembo. Nikamweleza. Hakuuliza mara mbili. "Endelea na asali. Chakula, hapana. Ukifika usipite kwenye mapokezi, uje moja kwa moja kwenye radio. Nawaambia basi kwamba unakuja."

Munajua barabara zetu wakati wa mvua. Kabla ya mteremko wa mwisho tukakuta lori la mbao limelala kwa upande, limeziba njia kutoka ukingo mpaka ukingo. Vijana walikuwa wanachimba. Pikipiki zilikuwa zimejipanga, wenye haraka na wasio na haraka.

"Mama, ngoja kidogo," dereva wa lori akaniambia. "Tunakaribia."

"Kidogo yako ni ya namna gani? Mutoto amemeza pile."

"Pile ya tochi?" Akacheka kidogo. "Atainya tu."

Ni Kavira aliyemjibu. Alimchukua Didi kutoka mikononi mwangu. Alimfungulia kitenge akamwonyesha uso wa Didi, mate sasa yakiwa na uzi wa rangi ya waridi ndani yake. Dereva akaacha kucheka. Akawageukia wale vijana.

"Tupa majembe! Beba moto!"

Hivyo walifanya. Walibeba pikipiki ya Katembo juu ya mabega, wakaipitisha kwenye ukingo, kati ya miti ya mikaratusi, wanateleza, wanatukanana, wanacheka. Didi alipita kwa mikono: kutoka kwa mama yake, kwa mwanamke aliyekuwa anaenda kuuza maparachichi, kwa dereva mwenyewe aliyekuwa ameingia kwenye tope mpaka magoti, kwangu mimi upande wa pili. Nilimpa kijiko cha asali nikiwa bado ninahema. Akakimeza kwa shida, uso umekunjamana, mais akakimeza.

Hospitalini picha ya radio ilitoka haraka. Daktari akaiinua kwenye mwanga akaniita niione, na ninyi muikumbuke, kwa sababu siku moja itakuwa yenu. Juu ya kifua, mahali ambapo njia ya chakula inapita, kulikuwa na duara jeupe, na ndani ya ukingo wa duara kulikuwa na ukingo wa pili, kama sahani ndani ya sahani.

"Vitabu vinasema tusichanganye na sarafu," daktari akasema. "Mais sisi hapa sarafu tunazitoa wapi? Pesa yetu yote ni karatasi." Akatabasamu kidogo, kwa ajili ya Kavira nadhani, kisha akaondoka haraka kwenda kumlaza mtoto usingizi.

Tuliketi kwenye benchi la korido. Kavira aliweka mikono kati ya magoti.

"Akikufa," akaniambia, "sirudii mu ile nyumba."

Sikumwambia hatakufa. Hatusemi hivyo, na ninyi msiwaambie watu hivyo. Nilimwambia: "Tumefika. Wako naye. Wanajua kile wanatafuta." Nikamshika mkono, na mikono yetu, wangu na wake, ikagandana kwa asali.

Mzee Mbusa alifika baadaye. Alikuwa ametembea, halafu akapanda juu ya mihogo kwenye gari la mtu, halafu akatembea tena. Tope lilimfika kiunoni. Alisimama mbele yetu amevua kofia. Kavira akageuza mgongo. Basi akaenda kukaa mwisho kabisa wa benchi, akaacha nafasi katikati ambayo watu watatu wangeweza kukaa, na hakuna aliyekaa.

Daktari alipotoka alikuwa ameshika bakuli la chuma. Ndani yake ile pile. Upande mmoja uling'aa bado, na upande wa pili ulikuwa mweusi kama sufuria.

"Imetoka," akasema. "Kidonda kipo, kimeunguza, mais hakijatoboa. Mumewahi."

"Na asali?" Mzee akauliza kutoka mwisho wa benchi. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Daktari alikuwa mtu mkweli. "Asali imesaidia kiasi gani, siwezi kukuambia. Mais haikuharibu kitu, na mungengoja mpaka mchana, tungekuwa tunazungumza mengine."

Didi alikaa hospitalini, analishwa maziwa kwa bomba jembamba la puani. Baadaye akaruhusiwa kurudi na uji mwepesi, na tarehe za kurudi kuangaliwa, kwa sababu kidonda cha namna ile kinaweza kubana njia kikipona. Kila mara alirudi, kila mara daktari alitikisa kichwa kwa kuridhika.

Mzee Mbusa hakukaa kimya. Jumapili, wakati wa matangazo, alisimama akainua ile tochi nyekundu tupu, akasema mbele ya kanisa zima: "Hii karibu iniulie mujukuu. Mwenye iko nayo pa nyumba, aniletee leo." Jumapili iliyofuata alishuka kwa Waprotestanti akasema vilevile, na mchungaji akamruhusu. Watu walimletea tochi za funguo, midoli inayoimba, saa, hata kadi moja ya Noeli iliyokuwa bado inapiga muziki mfukoni mwake alipoingia kituoni. Tulizifungua zote juu ya meza yangu. Pile tulizibandika gundi pande zote mbili, tukazitia kwenye chupa yenye kifuniko cha kukaza, tukaipeleka hospitalini.

Siku ile akaniuliza, kwa heshima ambayo hakuwa nayo zamani kuhusu mambo ya tochi:

"Sasa, Mama Masika, ninunue gani?"

Nikamwambia kile ninachowaambia ninyi. Tochi ya chuma, ya pile nene za kawaida ambazo mtoto mdogo hawezi kuzimeza, na mkia wa kukaza kwa kuzungusha. Ndani weka pile za kuchaji, kwa sababu unaitumia kila siku, na shamba lako halitaki takataka zile. Juu ya kabati, mahali ambapo Didi hafiki hata akipanda kiti, weka pakiti moja ya za kutupa ambayo hujaifungua, kwa siku ambazo jua halipo. Ile ya kifungo, hapana, kama haina visi. Na kama ina visi, mtoto asiipate mkononi hata hivyo.

"Foleni," akasema.

"Foleni," nikasema.

Alirudi kwenye kibanda cha kuchaji, akakaa na wale vijana wenye simu. Wanasema aliwapa hotuba kila mara.

Mais nyumbani kwake kulikuwa baridi. Kavira alimtayarishia chakula kama mkwe mwema anavyofanya, akakiweka mezani, akaondoka. Salamu alimpa, neno lingine hakumpa. Alimweka Didi mgongoni mchana kutwa, hata ndani ya nyumba, ili asifike miguuni kwa babu yake. Mzee hakulalamika. Nilipopita kuangalia mtoto alikuwa amekaa nje na mizinga yake, anaongea na nyuki.

Halafu daktari akatoa ruhusa ya chakula kigumu. Mume wa Kavira alikuwa amerudi kutoka Kyavinyonge na tilapia, na wakaniita, wakisema wanaogopa kumlisha bila mimi. Kavira alipika bugali laini na samaki kwa mchuzi mwingi. Tulikaa sote kuzunguka meza mchana ule, mlango wazi, na hakuna aliyekula. Tulimtazama Didi.

Alikataa. Mama yake alimpa tonge dogo, akaliweka shavuni, akalitema. Baba yake alijaribu. Mimi nilijaribu. Alifunga mdomo na kushika shingo yake kwa mkono. Alikuwa anakumbuka. Mwili wa mtoto unakumbuka zaidi yetu.

Kavira akamvua Didi kitenge kilichomfunga mapajani mwake, akamsimamisha sakafuni, akasema:

"Baba, mumupe mwenyewe."

Mzee Mbusa alinawa tena mikono ingawa alikuwa ameshanawa. Alichukua kipande cha samaki, akatoa miba, akatafuta miba mingine ambayo haikuwepo, akamega bugali kidogo sana, akachovya. Hakumsogelea mtoto. Alinyoosha mkono tu, akangoja, mchuzi unamtiririkia mpaka kwenye kiwiko.

Didi akaenda. Akalitazama lile tonge, akamtazama babu yake, akafungua mdomo. Akatafuna. Sisi wanne tuliangalia shingo ile ndogo kama watu wanaoangalia gari linavuka daraja la miti. Ikapanda, ikashuka.

"Ingine," akasema Didi.

Mzee hakuweza tena kuiona sahani kwa machozi, anapapasa mezani. Ni Kavira aliyeishika, akaisukuma karibu na mkono wake.